Library ya kutafuta maneno ilikataa jina la babu yangu

Wakuu, kabla mnirushie mawe, nikiri: nilichukua kitabu cha mazishi cha kanisa nikakifanyia mchezo kwa computer ya shule. Mengine yote hapa chini sijaongeza chumvi.

Niko Form Three, huku Mbumbuni. Shule ina computer moja, ya kupewa. Mwalimu alileta diskette yenye library.

Si ya vitabu. Ni code mtu ameshaandika: unaipa orodha ya maneno, halafu unaiuliza neno. Inajibu IPO ama HAIPO. Basi.

Tuliambiwa tuweke maneno ya Kiswahili. Mimi nikaweka majina ya marehemu, yote arobaini ya kile kitabu.

Kitabu hukaa kwetu, baba ndiye katibu wa kanisa. Na sisi Wakamba mtoto huitwa jina la babu ama nyanya yake, so karibu darasa lote lilikuwa mle ndani.

Kioko akaandika jina lake. IPO. Mwikali, IPO. Nikawaambia hiyo ni list ya wanaongojewa na kaburi. Mwikali hakumaliza sahani yake ya muthokoi siku hiyo.

Nikaandika langu, Nzioka.

HAIPO.

Hapo nikakumbuka. Niliitwa jina la babu, baba yake baba, aliyeenda kazi ya reli Sultan Hamud kabla baba aoe, na hakurudi. Hajawahi kuzikwa. Jumapili iliyokuwa inakuja ndio baba alikuwa amwandike kwa hicho kitabu, shamba ligawanywe. Alisema amechoka kungoja.

Nikaona nimsaidie. Nikaongeza Nzioka mwisho wa orodha, nikasave. Majina arobaini na moja.

Nikauliza. HAIPO.

Nikafungua file. Arobaini.

Nikarudia. Wale wengine wote wametulia mahali pao, yeye tu ndiye hayuko. Mara ya tatu nilikuwa nimeacha kucheka, na Kioko alikuwa ameshatoka nje.

Wataalamu, kama ni bug nielezeni, nitashukuru. Lakini bug gani inachagua mtu? Mimi nimejifunza hivi: usimwandike mtu mahali hajafika. Mwenye imewahi kumtokea aseme, hata kama mtanicheka.

Jioni nilimkuta mama akipepeta ndengu. Nikamwambia yote, hata ya kitabu, shavu likingoja kofi. Hakunipiga. Aliweka uteo chini, akaangalia njia ya kwetu, akasema:

"Mwambie baba yako aache hiyo kalamu. Kuna mzee alipita hapa asubuhi, akaomba maji. Aliniuliza mwenye jina lake amefika class gani."