Papa Tuliyemngoja Katika Wimbo

Wiki iliyopita, hapa Kigoma, fundi baiskeli alikuwa anavuta waya wa breki, ukalia kama mtoto aliyefinywa. Nikasimama njiani na hasira yangu yote. Nimehama miji mingi na sauti ile hunikuta kila mahali, maana kwa waya kama huo kaka yangu mkubwa, yaya Kisimba, alitengeneza gitaa lake kule Kalemie, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire.

Gitaa lenyewe lilikuwa ubao wa sanduku. Alilifunga kwenye redio ya betri, likanguruma kama fisi mwenye mafua. Wimbo aliupata kwa Mama, aliyekuwa akiuimba mchangani huku akigeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juani. Tuni ilikuwa ya maombolezo ya Waholoholo, ya polepole, lakini maneno Mama aliyatia mwenyewe: Papa, treni imelia, mulango uko wazi, tunakungoja.

Papa alikuwa baba yangu. Askari walimpandisha treni ya Kabalo kwa sababu ya neno alilosema sokoni, na hatukumwona tena. Kumlilia waziwazi kulikuwa hatari. Ndiyo maana Mama aliimba akiwa na samaki mikononi. "Anayelia na kazi mukononi haulizwi," alikuwa anasema.

Yaya aliupa wimbo ule mwendo wa magurudumu ya treni, rafiki yake akapiga debe la mafuta, na gitaa likapiga kelele pale ambapo Mama alikuwa anashusha sauti. Siku Mama alipousikia alijifunika mdomo kwa kitenge. Kisha akasema, "Sasa hata kule Kabalo atasikia."

Aliyesikia kwanza alikuwa mtu wa chama. Mkubwa fulani alikuwa anakuja kwa treni na ulitakiwa wimbo wa kumpokea. Akaketi uani kwetu, akasikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyu Papa munayemungoja njo nani?" Yaani, ndiye nani.

Vidole vya yaya vilisimama juu ya waya. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, na jibu nilikuwa nalo. Shuleni, kwa amri ya chama, tulilicheza na kulipigia makofi kila asubuhi kabla ya masomo, kwamba nchi ina baba mmoja tu.

"Njo Papa wa taifa," nikasema.

Mtu yule akacheka. "Katoto kanawapita akili."

"Ndiyo, Papa," Mama akamwambia mtu yule kwa heshima. "Njo yeye."

Siku ya treni, Mama aliwekwa mstari wa mbele, amevaa kitenge chenye sura ya Kiongozi, huyo Papa wa taifa. Alicheza kwenye vumbi lilelile alipomwona mume wake akisukumwa ndani ya behewa. Mkubwa alishuka, akapunga leso. Yaya alipewa kofia iliyomfunika hadi masikioni. Mimi niliimba kwa sauti kuliko wote.

Tangu siku ile Mama aligeuza ndagala kimya. Nilimchukia yaya miaka mingi kwa kunyamaza kwake uani. Mimi mwenyewe nilijichukia zaidi, na nadhani ndiyo maana sikai mahali pamoja.

Nilikuwa mtu mzima nilipothubutu kumuuliza Mama. Alikuwa anachagua mchele. "Ungesema kweli, yaya yako naye angepanda treni," akasema. "Ulimuokoa." Akatupa jiwe dogo pembeni, akaendelea kuchagua. "Lakini papa yako tulimukosa hata mu wimbo."

Basi nikaelewa kwamba yaya alikuwa anatafuta uongo na hakuupata, na mimi nikautoa nikiamini ni kweli. Watu wananiambia mtoto wa miaka tisa hana kosa. Sawa. Lakini ninyi mnaonisoma, niambieni: mtu anayemfundisha mtoto jibu kila asubuhi, kisha anakuja uani kwao kumuuliza mama yake swali, huyo aitwe nani?