Kadi za Harusi Zisizochanwa

Kadi zilitoka Arusha zimefungwa kwa karatasi ya kaki, na nilizichukia kabla hazijafunguliwa. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa mwalimu mwenzangu hapa Dongobesh, amepangiwa kwetu kutoka Bukoba, na tulikuwa tunakaa nyumba moja. Bwana harusi alikuwa tabibu kijana wa zahanati, mzaliwa wa kijiji chetu cha ujamaa. Nilimpenda miaka miwili bila kumwambia mtu. Mwenzangu alimpata kwa muhula mmoja.

Sehemu ya chini ya kila kadi ilikuwa na vitundu vya kuchania. Palikuwa pameandikwa: nitafika, sitafika, tutakuwa watu wangapi. Mgeni aweke alama, achane, arudishe kwa posta wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mwenzangu alikipenda mno kipande kile. Mchele na sukari vilikuwa vya kupanga foleni kwenye duka la kijiji, na alitaka kujua apike kiasi gani.

"Dada, wewe ni mwenyeji," aliniuliza tukiwa tunaandika majina ya waalikwa. "Watu wa huku watarudisha?"

Jibu nilikuwa nalo. Kwetu, mtu akikualika kwa heshima, jibu humtumii kwa posta wala kwa mkono wa mwingine. Unalipeleka mwenyewe, siku ya shughuli, kwa miguu yako. Na kuandika kwamba hutafika ni sawa na kumwombea mwenye harusi mabaya. Kila mzee angeitunza kadi ile nzima kwenye sanduku la nguo mpaka siku ifike.

"Watarudisha," nikasema. "Si wote wanasoma elimu ya watu wazima siku hizi?"

Vilirudi vipande kumi na tisa, karibu vyote vya watumishi waliotoka mikoa mingine. Kila jioni alivipanga mezani akivihesabu, na mimi nilisikia raha ambayo sijapata kuikiri mpaka leo. Alifikiri watu hawampendi kwa sababu ni mgeni. Nikamwacha afikiri hivyo. Akapunguza mchele, na ng'ombe wawili wakawa mmoja.

Tulipotoka kanisani siku ya harusi, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Wazee na shuka zao, akina mama na watoto mgongoni, na katika kila kaya mmoja ameshika kadi ambayo haijachanwa. Walipanga mstari wamkabidhi bibi harusi kwa mikono miwili. Alizipokea zote, shikamoo kwa kila mzee, huku jicho moja likiwa kwenye masufuria. Chakula kiliisha wazee wengi hawajapakuliwa. Akina mama walikimbia majumbani kuleta ugali na maziwa, watu wakala, lakini aibu ilikwisha kuonekana.

Mama wa bwana harusi alinifuata jikoni. Bibi harusi mwenyewe alikuwa hapo pembeni yangu, gauni amelifunga fundo lisiburure, anaosha sahani ili wengine wapakuliwe.

"Wewe umezaliwa hapa," mama akaniambia. "Hukumweleza mwenzako desturi yetu?"

Mwenzangu hakuinua kichwa.

"Alinieleza, mama," akasema. "Mimi ndiye sikumsikiliza."

Mama akaguna, akaondoka. Nikasubiri mwenzangu anigeukie. Nilitaka anitukane, ili na mimi nipate la kumjibu. Akaninyooshea sahani yenye maji, nami nikaifuta, kisha nyingine, na nyingine tena. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa ajili ya yule mwanamume, kwa ajili ya kadi, kwa ajili ya gauni. Sasa nikamwonea wivu kwa moyo ule, maana ingekuwa mimi, ningemtaja.