Aliyekuja Kutaka Radhi Kabla ya Hija

Mzee alikuja kwangu Jumapili mchana, na mchungaji wangu amempakia kwenye gari lake. Nilipowaona wameketi barazani pamoja, Mwislamu mwenye duka kubwa kuliko yote hapa Maramba na mchungaji wetu wa Kilutheri, nilijua nimezungukwa. Nikawaamkia shikamoo wote wawili, nikateleka chai.

Kilichomleta nilikijua. Mzee alikuwa anakwenda Hija, na kwetu anayekwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuwataka watu radhi, asije akaondoka na haki zao shingoni. Kwa kawaida ni jambo la furaha. Watu husema nimekuwia radhi, niombee dua huko, kahawa ikanyweka. Mimi siku hiyo sikuwa na cheko.

Miezi kadhaa nyuma mkwewe, mke wa mwanawe, alikuja na mimba changa kwenye kliniki ya zahanati ninakofanya kazi ya unesi. Nilimchoma sindano ya pepopunda, kama ninavyowachoma wajawazito wengine. Baadaye mimba ikatoka. Hutokea, na mara nyingi hata daktari hajui sababu. Mzee aliijua. Siku ya gulio alisimama mbele ya duka lake akatangaza kwamba nesi wa zahanati anafunga vizazi kwa sindano, na kwamba mtoto wa wakata mkonge waliotoka bara hawezi kuwa na uchungu na watu wa hapa. Lile la mkonge nililimeza. Baba yangu aliukata kweli, nami nilizaliwa kambini. Lililonikwama ni la sindano, kwa sababu kina mama waliliamini. Benchi la kliniki likabaki la kuku. Mama mmoja alijifungulia nyumbani, wakaja kuniita damu imeshajaa mkekani. Yeye nilimwokoa. Mtoto sikumwahi.

Mzee alianza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo nyumba nyingi. "Mwanangu, nakwenda kwa Mola wangu. Nilokukosea kwa kujua na kwa kutojua, niwie radhi."

Nikamuuliza amenikosea nini. Akasema Mungu anajua. Nikamwambia Mungu anajua na mimi najua, ila nataka kumsikia yeye. Akamgeukia mchungaji. Mchungaji akakohoa, akanikumbusha sabini mara saba, akasema hata sisi kila Jumapili tunaungama kwa pamoja na hakuna anayetajiwa lake. Ninampenda mchungaji wangu, lakini siku hiyo nilitamani anyamaze anywe chai. Nikamjibu kwamba ya Mungu nimeshamwachia Mungu. Siwezi kulala na kinyongo nikaamka kupokea vichanga. Haya yalikuwa ya gulioni.

"Ulisema mbele ya watu, baba," nikamwambia mzee. "Kanusha mbele ya watu, pale pale. Bila hivyo sina radhi ya kukupa."

Akasema namfedhehesha na umri wake ule. Nikasema fedheha nimeibeba mimi na bado natembea. Kisha nikamuuliza kama ameshachomwa sindano ya safari. Alikuwa ameshachomwa, Tanga mjini, maana bila sindano huruhusiwi kwenda. Nikamuuliza hiyo ilimfunga nini. Mchungaji akatazama pembeni, nadhani alikuwa anacheka. Mzee aliondoka chai yake ikiwa nusu.

Niliogopa, sisemi uongo. Mji ulisema Mkristo anamzuia Mwislamu asiende Makka, na maneno kama hayo yanaweza kuwasha moto. Mama yangu alinisihi niseme tu nimesamehe, yaishe. Nikamwambia yataisha vipi, na kina mama bado wanazalia mikekani? Sikubanduka.

Siku ya gulio lililofuata nilivaa sare yangu, nikaenda kusimama mbele ya duka lake, katikati ya wauza nazi na machungwa. Mzee akatoka. Alianza tena na yale yale ya "kwa kujua na kwa kutojua." Sikuondoka. Akanitazama, kisha akawageukia watu.

"Nilisema nesi huyu afunga vizazi," akasema. "Ni uongo. Mjukuu wangu alikwenda kwa kudra, nami nilitaka mtu wa kumlaumu. Wapelekeni wake zenu kliniki. Mkwe wangu nitampeleka mwenyewe."

Hasira yote ya miezi ile ilinitoka, nikabaki nimechoka tu. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ndogo kama sasa nimemwia radhi. Nikasema nimemwia, kwa moyo mmoja, aende salama na arudi salama. Akashusha pumzi.

"Radhi yangu umeipata, baba," nikamwambia. "Ya mama aliyemzika mtoto sina mimi. Nyumba yake unaijua."

Akamwambia mwanawe afunge duka, siku ya gulio, akashika njia ya kwenda huko kwa miguu.