Baiskeli Iliyomwangusha Maman

Maman alitembea kwa miguu kuikimbia vita ya Kivu, mimi nikiwa mgongoni. Huku Brussels alikuja kuangushwa na baiskeli, mchana kweupe, tukitoka misa.

Tulikuwa tumeshuka tramu hapa Evere, tumeshikana mikono. Kituoni pale njia ya baiskeli inapita mbele kabisa ya wanaoshuka. Sikusikia kitu. Mkono wake ulichomoka tu kwenye wangu, na nilipogeuka alikuwa chini, amelalia ubavu, kiatu kimoja kimerukia kwenye reli.

Mwenye baiskeli naye alikuwa ameanguka. Mtu wa makamo, begi la ofisi mgongoni. "Nilipiga kengele, madame," alirudia kwa Kifaransa. "Nilipiga kengele."

Baiskeli za umeme zinazokimbia kama pikipiki sheria inazitaka ziwe na kibao cha namba, na mwenyewe awe na leseni na helmeti. Hii haikuwa na kibao. Ilinunuliwa kama ya kawaida, kisha ikaondolewa kikomo cha kasi kwa programu ya simu. Polisi aliniuliza kama ningeweza kukadiria mwendo wake. Nilimwambia nilikuwa namtazama mama yangu. Walipokuja kuipima, ilikuwa imesharudishiwa kikomo, inakwenda taratibu kama mkokoteni. Kesi ikaishia hapo.

Nyonga ya Maman ilivunjika. Walimfanyia upasuaji, akarudi nyumbani na kigari cha kuegemea.

Nilikwenda kwenye mkutano wa wakazi. Mmoja alitaka baiskeli zote ziwe na namba. Mwingine akasema hapo watu watarudia magari, na magari ndiyo yanaua. Nilipoeleza habari za Maman walinipa pole kwa heshima, kisha wakaendelea kubishana. Baadaye manispaa ilichora mchoro mweupe wa mtu anayetembea kwa miguu kwenye njia pale kituoni. Baiskeli zinapita juu yake.

Yule bwana wa baiskeli alikuja kutuona, na maua. Maman alimkaribisha kama mgeni yeyote.

"Keti, papa. Uko na batoto?"

Nikatafsiri. Wawili, alisema. Alikaa Ganshoren, upande wa pili wa mji, na basi la kutoka ofisini lilimchelewesha kuwachukua shuleni.

"Donc, ile kinga yako, ile baiskeli, utaipandaka tena?"

Alitazama zulia. Alisema ile ameiuza. Amenunua nyingine.

"Ya mbio?"

Aliinua kikombe kilichokwisha chai. Maman alinitazama, akaomba nimwongezee mgeni chai.

Majira ya joto yalipofika nilimshusha hadi mlango wa jengo, twende misa. Jua lilikuwa zuri, jirani akatusalimia. Ng'ambo ya barabara, mbali nasi kabisa, baiskeli moja ikapita. Maman alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja.

"Bon," alisema. "Unirudishe juu. Weye wende misa, utaniombea."

Sikwenda. Nilimrudisha juu, nikamvua viatu. Tangu siku ile hatujajaribu tena.