Mfuko wa Mchanga Kwenye Kigari

Ramani niliyopewa mjini ilikuwa imechora njia ya kutembelea magari na pikipiki za kale kwa wino mwekundu, na nilikuwa nimeufuata wino huo tangu asubuhi. Nilipita kiwanda cha zamani cha mabodi ya magari, ambacho sasa kimejaa magunia ya mbolea. Nilipita duka la matairi lenye gari la mbio lililotundikwa darini, limeshiba vumbi. Wino ulikoma mbele ya banda refu la mabati lisilo na bango wala mtu. Kulikuwa na sauti tu: mguu ukipiga kiki, injini ikikohoa, kisha kimya.

Niliingia kwanza nikabisha hodi baadaye, tabia ya watu waliokaa sana safarini. Mzee mwembamba, ovaroli yake imefuliwa vizuri, aliitikia shikamoo yangu bila kuondoa macho kwenye kabureta. Nilikuwa nimechelewa, alisema. Vitu vyote vilikuwa vinahamia mjini siku hiyo, kwenye ukumbi mpya wa vioo na taa, na lori lingefika mchana. Kama nimekuja kuvisikia, nifanye haraka.

Kuvisikia, si kuviona. Alikuwa mlinzi na fundi wa banda lile, na watu walimwita Mzee Silensa kwa uchache wake wa maneno. Kila wiki aliwasha injini zote kwa zamu, kuanzia mlangoni hadi ukutani, kwa sababu injini isiyowashwa hushikana, sawa na magoti. Magari aliyaita kwa majina ya wenyewe waliokwisha kufa. Lile jeusi lilikuwa Daktari wa Meno. Lile la kijani lilikuwa Bwana Posta, na Bwana Posta hapendi kuharakishwa asubuhi. Alizungumza nayo zaidi kuliko alivyozungumza nami.

Huko ukumbini hayatawashwa tena. Kanuni ni kutoa petroli na oili yote, kwa kuogopa moto.

"Wanayakausha," alisema. "Kama samaki."

Mwisho wa safu ilisimama pikipiki yenye kigari cha pembeni upande wa kushoto, ile niliyoisikia ikikohoa. Hii haikuwa mali ya banda. Ilikuwa yake na marehemu mkewe. Alikuwa amemwahidi msimamizi wa ukumbi, kwa mdomo tu, kwamba angeitoa iende na wenzake. Banda likifungwa, yeye anahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, na binti alishamwambia: Baba, njoo na begi moja, vyuma vyako viache huko huko. Kwa hiyo alitaka iwake mara ya mwisho, basi. Lakini nilimwona akilipangusa tangi, akirudia pale pale palipokwisha kung'aa, nikajua moyo wake bado haujatia saini.

Kwenye kiti cha kigari palikaa mfuko wa turubai uliojaa mchanga, umefungwa mkanda kama mtu. Nilicheka, nikauliza abiria anaelekea wapi. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba kigari kitupu ni hatari: ukikata kona ya upande wake, gurudumu linainuka na pikipiki inataka kupinduka. Lazima pawe na uzito. Mkewe alipofariki, aliujaza mfuko ule akaupima kwenye mizani ya vipuri mpaka ukalingana naye. Binti alipouona alikasirika, akasema mama hakuwa mzigo.

"Ukamjibu nini, mzee?"

"Nilimwambia mzigo ni mimi."

Akapiga kiki tena, na safari hii injini ikashika. Aliisikiliza, kichwa ameinamisha, kisha akaniambia niutoe mfuko nikae mimi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wenye mikono mitupu. Huu niliuburuta kwa miwili, na mgongo ukanijulisha kwamba marehemu hakuwa mtu mdogo.

Nyuma ya banda kulikuwa na barabara ya zamani ya mashindano, lami imepasuka, majani yamechomoza kwenye nyufa. Aliniagiza jambo moja: kona ya kushoto, elemea kushoto, nje. Nimeelekezwa njia kwa lugha nyingi maishani na nikaitikia kwa zote. Kona ilipofika, kwa woga nikamwegemea yeye. Gurudumu likainuka, niliona kivuli cha kigari kikiachana na lami. Akapunguza mwendo, tukatua kwa kishindo. Hakunigombeza. Aliigeuza pikipiki, tukarudi mlangoni.

"Yeye alikuwa anaelemea kabla sijaamua kukata," alisema. "Mchanga hauelemei. Unakaa tu."

Nilimuuliza kama kuna mwingine ajuaye kuelemea. Aliipunguza moto injini, ikabaki ikinguruma papo hapo. Kisha akasema binti yake alikulia humo kigarini, amebanwa kati ya magoti ya mama, na mmoja akielemea, ameelemea na mwenzake. Tangu mazishi hajapanda hata siku moja. Yeye alidhani mtoto amekuwa mtu wa mjini.

"Kumbe hana pa kukaa," alisema polepole. "Kila akija anakuta kiti kina mchanga."

Hakuizima injini. Aliingia ndani, akatoka na begi moja, akalifunga nyuma ya kiti chake. Akaniwekea mkononi kufuli na ufunguo.

"Dereva wa lori akija, mwambie achukue hayo mengine. Hii bado inatembea. Msimamizi nitamwambia mwenyewe."

Nilijitolea kwenda naye, niwe uzito njiani. Alinitazama kama mtu atafutaye neno la kumwambia mgeni bila kumvunjia heshima, akalikosa.

"Wewe unaelemea vibaya."

Na kona je? Atakwenda polepole, alisema. Kona za kushoto si nyingi. Aliufunga mkanda juu ya kiti kitupu ili usipigepige, akaondoka.

Nilibaki mlangoni nikiisikiliza. Kwenye kona ya kwanza sauti ilishuka, ikashuka sana, nami nikajikuta nimeelemea kushoto peke yangu, nimeshika mlango. Kisha ikapanda tena, ikaenda zake. Nyuma yangu Daktari wa Meno alikuwa amepoa, na Bwana Posta pia. Lori lilikuwa halijafika. Niliketi juu ya mfuko wa mchanga, kufuli mkononi, nikaanza kulingoja.