Dirisha la Darini

Wakazi wa Tallowgate, mtaa mwembamba wa mawe nyuma ya kanisa kuu la York, wamezoea kupigwa picha. Watalii hupiga picha za milango yao, maua yao, hata paka wao, na wenyewe hupita kando wamenuna kidogo, kama watu wanaolipa kodi ili waishi ndani ya kadi ya posta. Kwa hiyo mzee mmoja alipotokea na kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, hakuna aliyemjali. Kilichomtia Doreen Horsfall wasiwasi ni kwamba mzee huyo alikuwa hapigi picha. Alitazama juu, akatazama karatasi mkononi, akatazama juu tena. Na huko juu, kilichokuwepo ni dirisha la Doreen.

Doreen alikuwa ametumia ujana wake wote katika kiwanda cha chokoleti, akikaa mbele ya mkanda wa mashine na kuondoa vipande vyenye kasoro. Alikwisha kustaafu, lakini jicho lake lilikuwa bado kazini.

Dirisha lenyewe lilikuwa na historia, ingawa fupi mno kwa mtaa kama ule. Nyumba ya Doreen ilijengwa kabla viazi havijafika Uingereza, na imeandikishwa kuwa jengo la kale, maana yake ni kwamba mwenye nyumba analipia paa na halmashauri inachagua vigae. Madirisha sharti yawe ya mbao, yenye kioo kimoja chembamba, ili upepo wa karne zilizopita uendelee kuingia bila kizuizi. Ken, marehemu mumewe, alikuwa na mapafu mabovu. Majira fulani ya baridi yeye na shemeji yake waling'oa dirisha la chumba cha darini wakaweka la plastiki, lenye vioo viwili. Ruhusa hawakuomba, kwa sababu jibu walilijua. Ken aliimalizia miaka yake pale darini bila kutetemeka, na sasa Doreen ndiye aliyelala humo. Siku atakapogunduliwa, dirisha litang'olewa, tena kwa gharama yake. Familia ya Beswick, mwisho wa mtaa, iliwahi kung'olewa mlango. Ilisemekana kuna mtu aliyeupiga picha.

"Huyo ni wa halmashauri," alisema Trevor Pickard, jirani wa ukuta mmoja, wakiwa wanatoa mapipa ya taka.

"Umemuuliza?"

"Nimemwambia leo kuna baridi. Akasema ndiyo, kuna baridi. Mtu asiye na la kuficha angeongeza neno."

"Wewe Trevor hata anayekuletea barua humwamini."

"Barua zenyewe umeshaziona zinavyokuja?" Kisha akamtazama kwa upande. "Kwani wewe, Doreen, una nini cha kuogopa?"

Doreen akasema hana kitu, akaingia ndani. Trevor alikuwa anajua au hajui? Kwa miaka yote hajawahi kulitaja lile dirisha, na mtu asiyewahi kutaja kitu kilicho juu ya kichwa chake kila siku, ama ni kipofu, ama anakiweka akiba.

Mtaa mzima ulimwuliza yule mzee kuhusu hali ya hewa. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini, maana hilo lingekuwa utovu wa adabu. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyebisha hodi kwa Doreen.

"Clive Ormerod," alisema akivua kofia. "Samahani kukusumbua, Bi Horsfall. Nina ombi."

Jina langu kalipata wapi, Doreen alijiuliza. Akamkaribisha jikoni, akampa chai na biskuti za kawaida, si zile za wageni.

Clive aliweka karatasi mezani. Ilikuwa nakala ya picha ya zamani: mapaa, moshi, mnara wa kanisa kuu, na pembeni mstari mweusi wima. Alieleza kwamba anazunguka mji mzima akitafuta mahali waliposimama wapiga picha wa kale, ili apige upya kutoka palepale. Picha zitatundikwa maktaba.

"Hii ilipigwa kutoka darini kwako. Huu mstari ni ukingo wa dirisha."

"Na huo ukingo lazima uonekane?"

"Bila ukingo, nani ataamini kwamba nilisimama pale?"

"Mimi ningeamini."

"Kwa heshima zote, bibi, nadhani wewe hata saa ya ukutani huiamini."

Doreen hakucheka. Clive akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Ni la plastiki, najua," alisema. "Nililiona siku ya kwanza. Mbao haing'ai vile. Lakini ukipiga kutoka ndani, mwanga uko nje, ukingo unatoka mweusi tupu. Hakuna atakayejua ni mbao au ni jibini."

"Hivyo ndivyo ungesema hata kama ungekuwa mtu wa halmashauri."

"Ni kweli." Akafikiri. "Basi sikiliza. Mimi naishi Pinder Yard, nyumba yenye mlango wa kijani. Imeandikishwa kama hii yako. Dirisha la jikoni, upande wa nyuma, ni la plastiki."

"Kwa nini unaniambia?"

"Ili tuwe sawa."

Mtu anayekiri upesi hivyo, Doreen aliwaza, ama ni mkweli, ama ametumwa. Akamwambia arudi Alhamisi.

Kesho yake alipanda basi hadi Pinder Yard, akapita uchochoro wa nyuma, akatoa simu. Picha mbili za mwanzo zilikuwa za kidole gumba chake. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo uani akamkazia macho.

"Umepotea, kipenzi?"

"Naangalia tu majengo ya kale," alisema Doreen.

Yule mwanamke akaokota kikapu chake, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Alhamisi Clive alikuta chai mezani, biskuti za wageni, na kando ya sahani simu iliyowashwa. Kwenye kioo chake lilionekana dirisha la jikoni kwake Clive, jeupe pee. Aliinama akalitazama kwa muda.

"Jua lilikuwa mbele yako," alisema. "Ungengoja mchana ungelipata vizuri zaidi."

"Linatambulika?"

"Linatambulika kabisa."

"Basi linatosha," alisema Doreen. Akaichukua simu, akaitia mfukoni mwa aproni, akatangulia kupanda ngazi.