Silabusi Nne na Kabati la Vipuri

Wenzake wakienda kula mchana, Houda hujifungia ndani ya gari lake kwenye maegesho ya Bandari ya Bujumbura, huwasha injini na kuanza kuihutubia kwa Kifaransa. Makuli wamezoea. Wanajua huyu dada wa kutoa mizigo forodhani amerudi chuo kikuu akiwa na miaka thelathini na saba, na mtu wa namna hiyo haulizwi maswali.

Mazoea hayo aliyapata Buyenzi, kwenye gereji ya baba yake, miaka kumi na tano iliyopita. Wakati huo alikuwa akirudia mwaka wa pili wa uchumi na tayari ameanguka masomo manne. Zilibaki wiki sita kabla ya duru ya pili ya mitihani. Akianguka tena, chuo kingemuaga kwa barua fupi yenye muhuri mkubwa, na shangazi yake Asiya alikwisha kumtengea kiti katika duka lake la vitenge. Kiti chenyewe kilikuwa na mto. Huo mto ndio uliomtisha.

Bidii hakukosa. Alikuwa na ratiba ya rangi nne, iliyopigwa rula, yenye hata dakika kumi za kupumzisha macho. Kuichora kulimchukua siku tatu, na siku ya nne ilibidi apumzike. Kisha, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na wadogo zake na redio, alikaa kwenye benchi la gereji akafungua silabusi zake zote nne, fotokopi nene za masomo. Takwimu zikimchosha, anahamia sheria. Sheria ikimchosha, anahamia uhasibu.

Baba yake, Mzee Tajudini, alitoka chini ya Toyota, akafuta mikono, akalitazama benchi.

"Magari ine, yote wazi. Hii ni garage ya nani?"

"Baba, hizi ni kozi."

"Naona. Na mavisi yake uliweka wapi?"

Katika gereji ile, skrubu zilipangwa juu ya kadibodi kwa mfuatano zilivyotoka, na gari la pili halikufunguliwa kabla la kwanza halijafungwa. Mzee alichukua silabusi tatu, akazifungia katika kabati la vipuri, katikati ya vichujio vya mafuta, akatia ufunguo mfukoni.

"Ukifunga hiyo, utapata ingine."

"Utajuaje nimeifunga? We haujui Kifaransa."

"Hata injini haiongeake Kifaransa. Washa."

Basi kila siku baada ya sala ya alasiri, Houda alisimama, silabusi imefunikwa, akaisema sura nzima. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, kichwa kimelala upande. Hakuelewa neno.

"Apo inakohoa."

"Nilikuwa navuta pumzi, Baba."

"Inakohoa. Rudia."

Houda akifunua kurasa, pale pale palikuwa na kitu alichokiruka. Iliudhi kupita kiasi.

"Leo sina moyo," alisema siku moja.

"Sikuuliza moyo, mama. Nimesema washa."

Ratiba ya rangi nne ilitandikwa chini ya pikapu iliyokuwa ikivuja. Hapo ndipo ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza.

Matokeo yalipobandikwa, Houda alipanda basi la kwanza aliloliona akaja gerejini mbio. Kumi, kumi na moja, kumi, kumi na mbili.

"Kumi juu ya makumi mbili?" mzee akauliza. "Ni nusu."

"Ni kupita, Baba!"

"Gari ya nusu inafika Gitega?"

"Inafika."

"Basi sawa." Akarudi chini ya gari, akakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Kiti chenye mto kilipata binti mwingine. Gereji siku hizi ni duka la simu, na mzee alizikwa miaka mitatu iliyopita. Houda alichukua kabati. Limo sebuleni kwake, bado linanuka grisi, na wageni huuliza.

Mtihani wake wa kwanza ni Ijumaa. Leo amefunika silabusi, amejiambia "washa", ameanza. Sura ya pili ilikuwa ikienda vizuri injini ilipokohoa.

Alijua kabisa ni plagi. Fundi amemwambia mara mbili zibadilishwe, na mara mbili amekataa. Akarudi ukurasa wa kumi na nne, akaanza upya.